Vipimo Ambavyo Biasha Hakuvipima

Biasha Matano wa Msambweni alikuwa mtu wa hasira za polepole. Ukimuudhi leo hunyamaza. Ukidhani amesahau, ndipo atakapokuuliza.

Kazi yake ilikuwa kusoma mashine ya kupima mvutano wa ardhi. Kampuni iliyokuja kutafuta maji ya chini sana ilimwajiri kwa kuwa alimaliza kidato cha nne na hakuogopa kupanda vilima. Alijifunza upesi. Penye mashapo mengi, yaani mchanga na tope vilivyojazana chini tangu enzi, ardhi huvuta kwa upole kidogo; mwamba mgumu ukiwa karibu, huvuta zaidi. Vipimo vyote hutiwa kwenye kompyuta, nayo huchora umbo la bonde lililofukiwa, ambamo maji hukaa.

Mvua za Mei zikakata njia ya nyuma ya vilima, na vituo kumi na tisa vya kupimia vikabaki bila kufikiwa. Hesbon, msimamizi aliyetoka bara, akaamuru gari lirudi Diani.

"Hiyo area tutajaza tu," alisema. "Namba za pembeni tunazo."

"Tutajazaje mahali ambapo hatukufika, bwana?"

"Wewe soma mashine. Michoro niachie mimi."

Biasha akachukua kalamu. Aliandika kwenye daftari lake: Jumanne na Jumatano hatukwenda.

Mchoro ulipotoka, kina kikubwa kabisa cha bonde kilionekana chini ya shamba la shangazi yake, Bi Rai. Mikorosho kumi na miwili ikakatwa ili mtambo wa kuchimba upate njia. Kufika mita hamsini, mtambo ukagonga mwamba. Ukachimba siku nne zaidi, ukatoa vumbi tupu.

Watu wakaitwa mkutanoni. Hesbon akasimama, akaeleza kuwa wasomaji wa mashine, watu wa hapahapa, ndio waliokosea.

Bi Rai akamgeukia Biasha. "Ni wewe, mwanangu?"

Swali hilo lilimchoma kuliko uongo wenyewe. Biasha akainuka, akamwendea Warda, mkuu wa wataalamu aliyekuja kutoka Mombasa, akampa daftari lake.

"Shikamoo, mama. Tazama vituo hivi kumi na tisa kwenye karatasi za Hesbon. Vina jina langu, vina na tarehe na saa. Siku hizo mbili gari lilikuwa Diani, na mashine ilikuwa ndani ya gari. Mwulize dereva."

Warda akalifungua daftari, akalilinganisha na karatasi za Hesbon. Akamwita dereva kando. Aliporudi hakumtazama Hesbon usoni.

"Vitapimwa upya," alisema.

Biasha aliibeba mashine mwenyewe siku kumi na moja, hadi kituo cha mwisho. Bonde likachorwa tena: lilikoma kilomita tatu mashariki ya shamba la Bi Rai. Huko maji yalipatikana. Hesbon hakufukuzwa, alihamishiwa mradi mwingine. Kwa mikorosho, kampuni ilileta barua ya kusikitika.

Biasha aliisoma barua hiyo mbele ya shangazi yake, akaikunja, akaipeleka mwenyewe kwa Warda.

"Hii irudishe," alimwambia. "Waliokata miti waje wamwambie shangazi wenyewe, wakiwa wamesimama shambani mwake. Na mimi nitakuwepo."

Mpaka leo hawajaja. Kila Jumatatu Biasha hupita ofisini mwao kuwauliza ni lini.