Kiraka cha Nusu Mita

Fundi wa mapaa waliyemwita Kona alizaliwa na kinyaa. Chai iliyomwagikia kisahani hainywi, na meza iliyopinda humtia kichefuchefu hata chakula kiwe kitamu namna gani. Mkewe alishamzoea. Humwambia tu, "Fumba macho, baba, ule."

Siku moja binti yao alimwita aone nyumba yake mpya. Bati zingepigwa kesho yake, kisha ahamie na mtoto mchanga. Kenchi, zile mbao za kubeba bati, zilifungwa na mjomba wa binti, kaka wa mama yake, mtu wa maneno mengi na vipimo vichache. Kona akatazama juu, akageuka, akatema mate dirishani. Kila mbao ya mteremko ilikuwa imeungwa kipande kileleni, na misumari imetokeza upande wa pili.

"Shemeji, uchafu gani huu?" akamuuliza mjomba aliyesimama kando.

"Zilipunguka kidogo tu. Chini mita nne, kwenda juu tatu. Nikaona mteremko hauwezi kuzidi nne na nusu, nikakata zote."

"Ukaona! Nne mara nne kumi na sita, tatu mara tatu tisa, jumla ishirini na tano. Namba gani ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe unapata ishirini na tano? Tano! Mita tano, shemeji! Hukujaribu hata moja kwanza?"

"Aa, dari itafunika. Nani ataona?"

Jibu hilo lilimchefua Kona kuliko misumari. Akaiendea ngazi iliyolala sakafuni kando ya nyundo. Lakini binti akamshika mkono.

"Baba, ni mjomba. Amejitolea. Tukizishusha tutamvunja moyo."

"Haya," Kona akasema. "Shemeji, simama hapa, kitakapowekwa kitanda cha mtoto. Mimi napanda kugonga kiungo kimoja tu kwa nyundo. Kikishika, nakuomba radhi na sitafungua mdomo tena."

Akaiegemeza ngazi. Mjomba akacheka, akatazama juu, akajikuna shingo. Kisha akaanza kusogea, mdogo mdogo, mpaka akafika mlangoni.

"Vumbi la humu," akasema, "linanibana kifua."

Binti alimtazama mjomba wake pale mlangoni, akaitazama ile sehemu tupu ya sakafu. Akaokota nyundo, akampa baba yake.

"Shusha zote."