Ukoka wa Mado

Mjini Kasongo, mtu mwenye adabu hafugi nyasi mbele ya nyumba. Ua hufagiliwa alfajiri mpaka udongo ung'ae, nyoka asipate pa kujificha na majirani wasipate la kusema. Ndiyo maana Zéphirin alipoajiriwa kwenye nyumba ya wageni kuotesha ukoka, watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Aliyecheka kuliko wote ni mkewe, Mado.

"Wanakulipa ulime nyasi? Weye kweli uko na bahati!"

Lakini ni huyo huyo Mado aliyekwenda Nyangwe kununua samaki, akaona ukoka mzuri kando ya mto Lualaba, akaung'oa na kurudi nao kikapuni, chini ya samaki. Waliupanda pamoja, yeye akianzia katikati ya ua wa nyumba ya wageni, mumewe akimfuata na maji. Ua ulinuka samaki kwa siku nyingi, na wageni walidhani ni jiko.

Kisha Mado akaenda Wamaza kumwuguza mama yake. Huko akaugua mwenyewe, akafa, akazikwa kabla habari haijafika Kasongo. Zéphirin alipotaka kwenda, watu wenye bunduki walikuwa wameshaifunga njia, na mpaka leo hajaliona kaburi la mkewe. Mtu asiye na kaburi la kuendea hutafuta pengine. Yeye alikwenda katikati ya ukoka. Kila adhuhuri, kabla hajanywa maji, aliyamwaga ya kwanza pale Mado alipoanzia kupanda, akamwambia, "Mama, kunywa kwanza." Ndivyo baba yake Zéphirin alivyowapa wafu wake maji. Padri alishamkataza. Zéphirin alijibu, "Ndiyo, padri," na kesho yake akamwaga tena.

Mwaka huu, kabla ya kiangazi, meneja wa nyumba, Mama Apolline, alimleta fundi kutoka Bukavu, kijana mpole aitwaye Joël. Maji ya tangi yalikuwa hayatoshi, wageni wakibaki na sabuni mwilini. Joël alichomeka katikati ya ukoka kipimo cha unyevu, kijiti cha chuma kinachosikia kama udongo umelowa au umekauka, akakiunga na robine, yaani bomba la maji, inayojifungua yenyewe. Udongo ukikauka, robine ingefunguka. Ukiwa umelowa, ingebaki imefungwa. Haikuwa mashine mbaya, wala Joël si mtu mbaya. Ningependa sana kumpata wa kumlaumu, ila simpati. Mpira wa kumwagilia ukafungiwa stoo, na Mama Apolline akatangaza mbele ya wafanyakazi wote kwamba kuanzia siku hiyo mashine peke yake ndiyo itakayomwagilia nyasi.

Zéphirin hakuona ubaya. Adhuhuri alikaa palepale kando ya kijiti, akamwagia Mado maji yake.

Kiangazi kikaingia. Vumbi la barabara likatanda hadi kwenye mapazia. Ukoka ukaanza kugeuka manjano pembeni, kisha rangi hiyo ikasogea ndani, na robine haikufunguka hata mara moja. Zéphirin akaenda ofisini.

"Mama, nyasi zinakufa."

Mama Apolline akatazama simu yake. "Mashine inasema udongo iko na maji, papa. Tungoje."

"Angalia na macho, mama."

"Macho yetu ndiyo ilimaliza tangi."

Zéphirin akarudi uani. Kweli tangi lilikuwa likiisha, na aliyekuwa akimwagilia bila kipimo ni yeye, kwa mapenzi.

Akafanya lile alilobakiwa nalo, akamwomba Mado. Badala ya funda moja akawa anamwaga kikombe kizima, kisha chupa yote ya maji ya kunywa aliyotoka nayo nyumbani, akashinda na kiu. "Mama, hizi ni nyasi zako. Uziangalie. Miye sina nguvu." Na kadiri alivyomwomba, ndivyo ukoka ulivyozidi kufa. Akadhani Mado amekasirika huko aliko. Akayakumbuka maneno yote makali ya siku za ndoa, akamwomba radhi kwa kila moja, akiwa amechuchumaa kwenye jua. Waliompita walidhani anapalilia.

Mwishowe Mama Apolline aliona haya mbele ya wageni, akamwita Joël. Kijana akapiga magoti, akachimba kwa vidole. Ua wote ulikuwa mkavu kama kuni, ila pale kwenye kijiti, duara la ukubwa wa sinia, ukoka ulikuwa kijani na udongo ukishikana mkononi.

"Nani anamwanga maji hapa?"

"Ni miye," Zéphirin alisema. "Ni ya bibi yangu. Alikufa."

Joël akapangusa udongo vidoleni. "Papa, hii chuma haijue bibi yako. Inajua maji tu. Kila mara ulimupa kunywa, ilifikiri pelouse, nyasi yote, imeshiba."

Zéphirin alielewa mara moja, akaketi chini. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako, wakiwa na maana ya ndugu au rafiki mbaya. Hakuna aliyewahi kumwonya kwamba chaweza kuwa sala yake mwenyewe. Mama Apolline alimletea kiti, naye hakukikalia.

Joël akafungua robine kwa mkono, maji yakamwagika mpaka wageni wakanung'unika. Hakuna kilichoinuka. Mvua zilikuwa bado, na agizo la wenye nyumba likafika: ua umwagiwe kokoto, magari yapite. Zéphirin akaomba aachiwe lile duara tu.

"Katikati ya njia ya magari, papa?" Mama Apolline alisema, machozi yakimlenga. "Ingekuwa nyumba yangu, ningekuachia. Uipeleke nyumbani."

Nyumbani kwake siku hizi ni uani kwa kaka yake, na shemeji alikuwa ameshasema: nyasi mlangoni ni za nyumba iliyokwisha watu. Basi akalichimbua duara kwa mikono yake, akalifunga kwa majani ya mgomba, akaenda kwenye kituo cha pikipiki. Alitaka Wamaza. Alitaka kuupanda ukoka kaburini kwa Mado.

"Papa, kule hatuende," alisema dereva mmoja, Élysée. "Jana watu wa bunduki walirudisha hata wenye mihogo."

"Basi hii umupatie mutu mwenye kwenda."

"Hakuna mutu mwenye kwenda."

Zéphirin akakaa kwenye benchi la madereva, furushi likiwa magotini. Kila pikipiki ilipowaka alisimama akauliza inakokwenda. Nyangwe. Lusangi. Sokoni. Jua lilipopinda, Élysée aliuliza amebeba nini, naye akafungua majani ili amwonyeshe. Udongo ulikuwa umemeguka wote. Ukoka ulikuwa umelala, umejikunja, umegeuka kijivu.

"Bibi yangu alikufa, sikukuwako," Zéphirin alisema. "Hii imekufa mu mikono yangu."

Akalia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya vijana. Wakazima pikipiki zao.