Korongo wa Mdunguaji

Juzi, pale Nakaloke, korongo aliruka kutoka kwenye mpunga, nikapiga makofi hadi watu wakageuka.

Baba mdogo alikuwa mdunguaji vitani. Aliporudi Malukhu nilimsumbua anionyeshe ufundi wake, hadi alasiri moja akachukua manati yangu, tukalala kifudifudi kwenye majani yaliyonuka tope. Korongo alisogea karibu, nikasikia mdomo wake ukipasua konokono.

"Piga, afande!" nilinong'ona.

"Bado. Pumua polepole."

Mara ndege akaruka. Baba mdogo naye aliruka juu, kofia ikamdondoka, akipiga kelele: "Ameenda! Umeona? Ameenda mzima!"

Nilikimbia nyumbani kumwambia kila mtu kwamba vita vilikuwa vimemharibia shabaha.