Waya Unaojizima Wenyewe

Simu ilinikuta Ruangwa asubuhi, chai bado mkononi: fundi umeme wa magari wa Nachingwea, yule mbishi, amefariki, na atazikwa adhuhuri kwao Kiegei. Nikainuka, nikakaa, nikainuka tena. Hakuwa ndugu yangu wala rafiki wa kutembeleana. Alikuwa fundi wangu tu, na kila nilipotoka kwake nilitoka nimenuna. Sasa hasira zile sijui nizipeleke wapi.

Wasomaji wa huku mnajua magari yetu yanavyoishi. Msimu wa ufuta punje zinamwagika chini ya viti, panya wanazifuata, na wakishiba wanatafuna nyaya. Mwenye gari anaunga kwa waya wa taa za nyumbani, anauviringishia kipande cha kiroba, safari inaendelea. Marehemu hakutaka kabisa mambo hayo. Waya wowote uliomfikia alikata kipande, akakiwashia kiberiti, kisha akaondoa moto. Ganda la plastiki likizimika lenyewe, anaufunga. Likiendelea kuwaka na kudondosha matone, anautupa, hata kama mteja amekuja nao. Nilimkuta akibishana na mkulima aliyepakia salfa ya kupulizia mikorosho. Ubwiri, ule ukungu mweupe wa mikorosho, ulishaingia shambani, maua yanapukutika, na fundi ameng'oa nyaya zote alizounga mkulima mwenyewe.

"Fundi, nimekuletea gari, sikukuletea kuni," mkulima alisema.

Marehemu hakuinua kichwa. "Na hiyo salfa unajua inavyowaka? Ngoja nimalize."

Mkulima hakungoja. Alihamishia mzigo kwenye gari jingine, na tangu hapo hakumrudia. Wateja wengi walimkimbia hivyo hivyo.

Hilo ndilo linaloninyima utulivu tangu msiba. Kazi ya namna hii ikifanywa sawasawa, hakuna kinachotokea, na watu hawashukuru kwa jambo ambalo halikutokea. Madukani nyaya zimejaa, nasi tunachagua kwa rangi. Vijana wanaongeza spika na taa za mbele, na ganda la waya hakuna anayeliuliza. Naandika haya nikiwa nimeudhika, na sitaki kujituliza.

Siku ile nilipata nafasi kwenye gari la waliokuwa wakienda msibani. Karibu na Nachingwea nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Wenzangu waliisikia pia, lakini adhuhuri ilikuwa inakaribia, wakanyamaza. Nikamwambia dereva asimame. Shangazi wa marehemu, aliyemlea tangu mdogo, akanishika mkono.

"Mwanangu, watamtoa nyumbani sijamwona."

Nilijua. Bado nikasisitiza, gari likasimama. Chini ya usukani waya wa nyumbani ulikuwa umeyeyuka ganda, moto mdogo umeshaanza kula sponji ya kiti. Tukauzima kwa mchanga, tukakaa kando ya barabara kungoja usafiri mwingine. Tulipoingia Kiegei, wanaume walikuwa wakirudi kutoka makaburini.

Mpaka leo shangazi yule hajanipokea kwa moyo mweupe, na simlaumu. Yeye anachokumbuka ni uso ambao hakuuona, si moto ambao haukutufikia. Marehemu aliishi na lawama hiyo miaka yote ya kazi yake, na mimi inanilemea kwa tendo la siku moja tu. Ukitaka kumlinda mtu, kubali kwamba huenda akakuchukia akiwa hai na mzima.