Langare, Jina Nililopewa Kotile

Harufu ya maziwa yaliyolala katika chombo kilichofukizwa moshi hunirudisha Kotile kwa Ayeeyo, bibi yangu mzaa baba, kiangazi kile nilichopelekwa kwake na mguu mbovu. Nilikuwa nimeanguka kutoka juu ya punda, mfupa ukaunga upande. Kila jioni ng'ombe walirudi kutoka mtoni na vumbi lao jekundu, na watoto wakaanza kucheza kombolela, wakijificha na kutafutana. Mimi niliketi mlangoni. Hawakunifukuza. Walinyamaza tu nilipopita, wakatazama chini, nami nikaapa kutotembea tena mbele ya watu.

Sisi Wasomali humwita mtu kwa kilema chake bila kupepesa jicho. Mzee wetu wa kijiji, mtu wa kuheshimiwa kweli, aliitwa Masikio na akaitika. Asubuhi moja Ayeeyo alisimama katikati ya boma, akaniita wote wakisikia: Langare, yaani mchechemeaji. Mama, aliyekuwa amekuja kunijulia hali, alilia kwa hasira. Akamkumbusha mkwewe kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha.

"Basi acha utumbuke, kidonda kipone," Ayeeyo akamjibu. "Jina la kunong'onwa ndilo linalouma."

Jioni hiyohiyo binamu yangu Halima alikuja mlangoni. "Langare, njoo. Leo wewe ndiye wa kututafuta." Nilichechemea, nikachekwa, nikacheka, na mpaka kiza kinaingia sikuwa nimempata hata mmoja. Sijawahi kufurahi vile tena.

Nilipofika chuoni nilifundishwa neno la Kilatini, iocus, maana yake mzaha. Kwa Waingereza lilibaki mzaha; midomoni mwa Wafaransa, Wahispania na Waitaliano likageuka kuwa mchezo. Wenzangu walinakili haraka. Mimi nilikuwa nimerudi mlangoni kwa Ayeeyo, namtazama Halima.

Siku hizi nafundisha Garissa. Wanafunzi huniita Madam, hupunguza mwendo tukiandamana, na macho yao hutazama kwingine. Heshima si kitu kibaya, lakini inachosha. Mwezi uliopita, Ayeeyo alipozikwa, nilijitenga chumbani mwake. Waombolezaji walinipa pole kwa adabu, sauti za chini, nikaona jina langu limekwenda naye. Kisha Halima, sasa mwenye mvi, akasimama mlangoni.

"Langare," akasema, "toka huko, abaayo, dada yangu. Njoo ukae nasi."

Nikainuka, nikachechemea kumfuata mbele ya watu wote.