Mbuzi Aliyeivia Ovenini

Mwaka 1972, nikiwa na miaka tisa, baba alitoka asubuhi na hakurudi. Shida zangu zilianzia hapo. Shule niliiacha darasa la tatu, na sikumbuki kama kuna aliyelia kati yetu, mimi au shule. Nilipata kazi Buyenzi, pale Bujumbura, ya kupepea makaa ya mchoma mishikaki ambaye malipo yake yalikuwa utumbo wa mbuzi na maneno. Utumbo uliisha siku ileile. Neno moja ninalo hadi leo: usiwashe moto kabla hujajua upepo unaishi wapi.

Kwa neno hilo nimelisha watoto wanne. Sasa nimepita miaka sitini, nachoma nyama Matonge, hapa Brussels, na watu wenye digrii zao husimama mvuani mbele yangu wakingoja niwaambie "bado". Nikisema bado, wanakubali. Hata daktari anakubali.

Jumapili sichomi kwa biashara. Nachoma na wenzangu, wazee wanaopenda moto kuliko wanavyowapenda ndugu zao. Yupo papa mmoja, yaani mzee, wa Bukavu, mlinzi wa maduka. Yupo Mtanzania, dereva mstaafu wa ubalozi, ambaye hajawahi kukubali kwamba nje ya Arusha kuna mbuzi. Na yupo Mbelgiji mmoja, mwanajeshi wa zamani, tunamwita Sajini. Alioa dada yetu wa Buyenzi, akajifunza Kiswahili jikoni kwake, kwa hiyo matusi ya kwenye chakula anayajua yote. Sisi wengine tunaishi kwenye ghorofa. Sajini ndiye mwenye nyumba yenye ua, kule Etterbeek, na kwa miaka mingi tulichomea uani kwake juu ya pipa lililokatwa nusu.

Mgongo aliouumiza jeshini ulimsubiri hadi uzeeni. Mwaka juzi miguu ilikataa. Alikaa hospitali, kisha kituo cha mazoezi, na kituoni wakamwambia mkewe: nyumba yenu ina ngazi kila mahali, huyu mtu ataingiaje? Kama haingii na kutoka mwenyewe kwa kiti chake cha magurudumu, kuna nafasi yake kwenye nyumba ya wazee, mbali, karibu na bahari. Sajini hapendi bahari. Alisema atakufa huko kwa samaki.

Dada akaandikia kipindi cha televisheni kinachotengeneza nyumba za watu wenye matatizo. Wakaja. Walilia naye sebuleni, wakampiga picha akilia, wakamwomba alie tena kwa sababu taa ilikuwa mbaya. Kisha wakabomoa.

Sisi tuliitwa baadaye. Msichana wa televisheni alikuja Matonge na karatasi zake, akaniambia kwa Kifaransa kizuri kwamba watazamaji wangependa kuona jumuiya ikimsaidia shujaa wake. Tujenge jiko la matofali uani, na siku ya kumrudisha Sajini tuchome.

"Na mnapochoma, tonton," akaniita mjomba kwa Kifaransa, "huwa mnaimba?"

"Nikiimba nyama inaungua."

"Hata ngoma kidogo?"

"Mama, sisi tunachoma. Mwenye ngoma kamtafute, na yeye utamwomba achome?"

Aliandika kitu. Nadhani aliandika kwamba mimi ni mcheshi.

Tulipofika Etterbeek tulikuta upepo umehama. Jikoni kwa dada walikuwa wameongeza chumba kilichotokeza uani, na ukuta ule mpya uliugeuza upepo kama polisi anavyogeuza magari. Kule tulikozoea kuweka pipa, moshi ulikuwa unarudi kwa mlaji. Ikabidi tuanze upya. Tuliwasha majani makavu kwenye sahani ya bati, tukawa tunaizungusha ua mzima, wazee watatu nyuma ya moshi kama waganga.

"Hapa, papa, moshi itatuua," alisema mtu wa Bukavu. "Bon, tuipeleke pale."

"Pale ni chooni kwa paka," akasema Mtanzania.

"Donc paka atahama."

Mwishowe moshi wenyewe ulichagua: hatua chache kutoka mlango wa jikoni, ukapanda wima bila kumgusa mtu. Chini hapo palikuwa na mistari ya chaki. Nyumba nzima ilikuwa na mistari, ya chaki na ya utepe, mtangazaji asimame hapa, kamera ikae pale. Tukasema hawa watu wa picha watachora mingine. Tukajenga.

Jiko tulilijenga bila saruji. Kwetu jiko la matofali halifungwi kwanza. Unapanga matofali makavu, unachoma mara moja, unaona linavutaje hewa, linakaaje likipata joto. Baada ya karamu ya kwanza ndipo unalifunga. Msimamizi wa ujenzi alilipiga picha, akasema c'est magnifique, maridadi kabisa, akakimbilia kwenye vigae vyake. Muda wote ule mteremko wa mbao wa kiti cha Sajini ulikuwa umeegemezwa ukutani. Tulidhani ni mlango wa banda.

Siku ikafika. Mbuzi nilimchukua kwa mchinjaji wangu karibu na stesheni ya Gare du Midi, nikamkata mwenyewe. Mapaja na mbavu vilikuwa juu ya moto, majirani wamejaa uani, mtangazaji amepakwa poda. Gari la kituo likaja na Sajini, na pamoja naye muuguzi mwenye faili. Huyo hakuja kwa ajili ya televisheni. Alikuja kuona kama mtu anaingia.

Mlango wa mbele una ngazi, hilo lilijulikana. Njia yake ilikuwa uchochoro wa pembeni, kisha ua, kisha mteremko, kisha jikoni. Sajini alisukuma kiti chake mwenyewe hadi uani, watu wakipiga makofi, akafika kwenye jiko langu. Kiti kikasimama. Nyuma ya jiko ulikuwepo mlango wake mpya, mpana, mzuri, na vidato viwili vya ngazi.

Makofi yakaisha moja moja.

Msimamizi alisema mteremko utawekwa kesho, baada ya kurekodi. Mtangazaji akashauri wanaume wanne wambebe Sajini, ingependeza sana kwenye picha. Muuguzi akafungua faili na kusema kwa upole, "Bwana hawezi kubebwa na majirani kila anapotaka kwenda chooni." Dada alikuwa amevaa kitenge kipya. Alikuwa ameshika ufunguo wenye utepe mwekundu.

Sajini aliliangalia jiko, kisha moshi, kisha mimi.

"Nani ameweka jiko mlangoni kwangu?"

"Upepo, shemeji."

Akauangalia moshi tena, vile ulivyokuwa unapanda. "Mahali pazuri," akasema. "Sasa litoe, kabla sijapelekwa kwenye samaki."

Hapakuwa na pa kuiweka nyama. Meza zote zilikuwa na maua ya televisheni. Nyama haikuwa imeiva hata nusu, na nyama ya mbuzi ukiishusha nusu inakuwa kiatu. Mtanzania akaniangalia. Mtu wa Bukavu akaangalia chini. Wote tulijua kilichobaki. Jikoni kwa dada kulikuwa na oveni mpya, pana kama kabati, iliyotolewa bure na tajiri wa oveni aliyekuja kusimama karibu nayo.

Miaka zaidi ya hamsini ya moto. Nilibeba mapaja na mbavu kwa mikono yangu nikaviingiza mle ndani, nikafunga mlango wa kioo, taa ikawaka. Sikugeuka nyuma.

Kisha tukalibomoa jiko. Tulimwaga ndoo za maji juu ya makaa, tukalowesha magunia, tukapokezana matofali ya moto, wazee na majirani, hadi uwanja ukawa wazi. Mtu wa Bukavu aliungua kidole akasema neno la Kilingala ambalo watu wa televisheni walilipenda sana. Mteremko ukawekwa. Ulikaa sawasawa juu ya mistari ya chaki. Sajini akapanda mwenyewe, polepole, akapita mlangoni, akazunguka jikoni, akatoka, akashuka, akapanda tena ili muuguzi aone vizuri. Muuguzi akafunga faili akaomba mbavu.

Kipindi kilipooneshwa, nilionekana mgongo. Sauti ikasema wachomaji mashuhuri wa Matonge, walipoiona oveni hii, waliacha moto wao wenyewe. Kubomoa hawakuonesha. Simu yangu ililia wiki nzima, kutoka Bujumbura hadi Toronto, watu wakiniuliza kama ni kweli nimeokoka.

Nasema hivi: hatukukosea. Jiko lilikuwa mahali pake. Mlango ndio uliojengwa vibaya.

Leo nina nyumba ya vyumba viwili Anderlecht, imelipiwa. Nina kibanda Matonge na gari dogo la mizigo. Nina kiwanja Buyenzi chenye ukuta na geti. Nina majiko matatu ya chuma na visu saba, na meno yangu isipokuwa mawili. Jiko la matofali si langu. Liko kwa Sajini, kwenye pembe ya ua ambako upepo ni mbaya kuliko kote, tumelifunga kwa saruji, na kila Jumapili tunachoma hapo tukilia machozi. Yeye anashuka mwenyewe kwa kiti chake, koleo mapajani, kuja kutuambia chumvi haitoshi.

Oveni sina.