Maziwa ya Mangaribi

Ukitaka kujua kama muntu iko peke yake, usimuulize. Muangalie akikunywa maziwa. Jirani yangu Théogène, huku kwetu Burungu, anasimama ku mulango na kopo mukononi, anakunywa nusu, kisha anabakia kuangalia ile nusu ingine sawa vile ni ya muntu mwenye atakuja. Hakuna mwenye atakuja. Miye Emérence ninamuona kila siku, juu shamba yangu ya maharagi inafika mupaka ku uzio wake, na macho yangu hayajazeeka.

Hajafika miaka makumi ine. Alisoma Goma, mambo ya maendeleo ya vijiji, akaoa huko Cindy, binti wa mujini mwenye kucheka kwa nguvu, akamupandisha huku kilimani. Sisi wamama tulimusema vibaya ule mutoto wa watu, ati hatajua kushika jembe. Akalishika. Akazaa kasichana, Uwitonze. Kisha vita ikakuja, wote tukakimbilia Goma, na wakati barabara ilitulia kidogo, sisi tukarudi. Cindy akabakia kwa dada yake pamoja na mutoto. Théogène akapanda peke yake kufwata ng'ombe zake. Aliniambia mwenyewe neno lenye Cindy bibi yake alimuachia: "Nitapanda siku utanionyesha kazi yenye iko na kesho. Maisha ya kukaa tu na kungoja, sitaki tena."

Njo pale alianza kutafuta wazo. Nasema vizuri: si kazi, wazo. Kuko watu Goma wenye wanaweka makuta, ni kusema pesa zao, mu kazi za vijana, kazi ikikomaa na wao wanakula. Walifanya formasyo, mafundisho ya kazi, Théogène akaenda, akarudi na kalamu mupya na maneno mengi. "Mama Emérence," akaniambia, "makuta haikosekane. Chenye kinakosekana ni wazo lenye mwenye makuta atapenda."

Nikamujibu: "Kwangu vyote viwili vinakosekana. Anza na makuta."

Kwanza alikaa kufikiri vitu vyenye matajiri wanapenda. Akaleta wazo la vile videge visivyo na muntu ndani, ati vitabeba dawa kutoka kilima hiki kwenda kile. Nikamuuliza, kile kidege kikilia juu ya vilima vyetu, nani hatalala chini ya kitanda? Akaliacha lile. Akaleta wazo la kuagiza nyama ya kuchoma kwa telefone. Huku rezo ya telefone inapatikana ku jiwe moja tu, na ukitaka kuongea unapanda pale sawa mbuzi. Nikamuambia hivyo. Miye sikusomea maendeleo, lakini mudomo ninao.

Wenye formasyo walikuwa wamemufundisha pia: usipende wazo lako, penda shida ya watu. Basi akashika njia kuuliza watu shida zao. Alinikuta mu shamba. "Mama, shida yako kubwa ni nini?"

"Ni weye, umenisimamisha na jembe juu."

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza namusikia kucheka tangu turudi, na ile kicheko iliniumiza, juu ilitoka sawa mulango wenye haujafunguliwa siku mingi. Watu wengine walimuambia barabara, askari, mabwana wenye hawarudi. Shida za kweli, lakini nani atazibeba Goma mbele ya matajiri?

Mangaribi moja nikapanda kwake kumupelekea maharagi mabichi, nikamukuta nyuma ya nyumba akimwaga maziwa mu majani. Aliponiona akaficha kopo. Kwetu kumwaga maziwa ni haya kubwa, ni sawa kutukana ng'ombe yenye ilikupa. Nikajifanya sikuona, lakini yeye hakuweza kuvumilia.

"Nitafanya nini, Mama? Noël anapita asubui tu." Noël njo motari, ku pikipiki yake anabeba mabido, yale madumu ya maziwa, kwa wenye kutengeneza fromaji, ao jibini. "Ya asubui inaenda. Ya mangaribi inabakia. Zamani nyumba ilikuwa na watu, maziwa haikulala. Sasa inalala na miye, inachacha. Nafanya mashanza, ile maziwa ya kugandisha, lakini nayo inataka watu wa kuikunywa."

Kisha akaniangalia. "Na kwako?"

Ningedanganya, lakini nilichoka siku ile. Watoto wangu wawili walibakia Goma nao. Nikamuambia kweli: maziwa ya ng'ombe yangu ninapatia imbwa ya jirani mwingine. Akauliza kwa muzee Habineza. Ni vile vile. Tukapita nyumba kwa nyumba, na kila mahali watu walianza kwa kukana, kisha wakainamisha kichwa. Kilima kizima, nusu ya kila nyumba ilikuwa Goma, na kila mangaribi kila muntu alimwaga kwa siri, akizania ni yeye peke yake.

Hapo Théogène akapata wazo lake. Nyumba ndogo karibu na chemchemi, na pipa la chuma lenye kupozwa na nguvu ya jua. Tunaleta maziwa ya mangaribi, inalala baridi, asubui Noël anabeba yote, na yenye inabakia tunaifanya fromaji ndogo ndogo za kuuzisha Goma. Lilikuwa wazo bila maneno makubwa, na watu wote walilielewa. Hata Habineza, mwenye hakubali kitu, alitoa kipande cha udongo wake pale chemchemi. Kidole kimoja hakivunji chawa, alisema, na akaondoka kabla hatujamushukuru.

Wale wenye makuta wa Goma walimuchagua Théogène kati ya wale wa kwenda kusema mbele ya juri, wakubwa wenye kukata neno nani atapewa. Akapanda ku lile jiwe la rezo kumuita Cindy. Alishuka na uso mwingine kabisa. "Atakuja kusikiliza," akaniambia. "Amesema wakinikubali, atafunga mizigo." Kuanzia siku ile alipaka nyumba chokaa, akatengeneza kitanda kidogo cha Uwitonze. Aliniomba nimusindikize Goma niwaonyeshe fromaji ya kujaribu yenye nilifanya kwa mikono yangu. Nikavaa kikwembe changu cha misa, nikaenda.

Ilikuwa mu chumba kikubwa cha hoteli, karibu na ziwa. Fromaji niliiweka ku meza ya wakubwa, kisha nikaenda kukaa na Cindy, mwenye alikuwa nyuma. Amekonda. Akanishika mukono.

Théogène akasema vizuri. Alisalimia wakubwa, akaeleza juu ya kilima, juu ya Noël, juu ya watu wenye wanamwaga maziwa wakijificha. Mbele kulikaa mukubwa wa juri, Mama Bibiche, mwanamuke wa miwani mizito na sauti ya upole. Akatoa miwani.

"Papa Théogène, nimelipenda hili wazo. Sasa sema, unatafuta nini kwetu?"

Hapa lazima nieleze, juu mugeni wa kwetu anaweza asielewe. Kwetu muntu haombi kitu akiwa bado mu nyumba. Mu nyumba munasalimiana, munakunywa, munaongea mvua na ng'ombe. Neno lenyewe, lile lenye limekuleta, linasemewa njiani, wakati wa kusindikizana, bega kwa bega, hakuna mwenye anaangalia mwenzake mu macho. Pale hata mwenye kukataa anakataa bila kukuaibisha. Muntu mwenye anaomba akikaa, tunasema mama yake hakumulea.

Basi Théogène akainamisha macho. "Mama, tumekuja kuwasalimia na kuwaonyesha kazi. Mengine tutaongea."

"Tutaongea lini? Sema sasa. Unataka tukusaidie na nini?"

"Tutaongea, Mama," akasema, na akatabasamu kwa adabu.

Na miye pale nyuma niliitika kwa kichwa, na furaha. Mutoto mwenye alilelewa! Cindy aliniachia mukono.

Kijana mwenye alimufwata alikuwa na ile mambo ya nyama ya kuchoma kwa telefone. Yeye alisema chenye anataka mbele ya watu wote, macho makavu, akarudilia mara mbili. Njo yeye walichukua.

Théogène hakuvunjika moyo bado, maana kwake mazungumuzo yalikuwa hayajaanza. Akaenda kusimama ku mulango kungoja kumusindikiza Mama Bibiche. Alipotoka, akatembea ku upande wake. Alifungua mudomo. Lakini kwetu njia ya kusindikizana inashuka mupaka ku mutoni, na wengine wanavuka. Mu hoteli ile, kutoka ku mulango mupaka ku jeep kulikuwa hatua kidogo tu, na shofere alikuwa amekwisha kufungua.

"Lako lilikuwa nzuri kuliko yote," Mama Bibiche akamuambia, akimupa mukono. "Lakini haukutuomba kitu, Papa. Wenzangu walisema muntu mwenye hajui chenye anataka, hatuwezi kumupatia." Akapanda. Jeep ikaenda. Théogène akabakia amesimama mukono wake ukiwa bado mbele.

Tukamusindikiza Cindy kwa miguu mupaka ku mulango wa lupango, kiwanja cha dada yake. Nilibakia nyuma kidogo, lakini nilisikia. Kufika pale, Théogène akaangalia chini.

"Cindy, kuko neno nilitaka nikuambie. Hata kama wamenikatalia, rudi. Nakuomba."

Cindy hakukasirika. Ingekuwa afazali angekasirika.

"Ule mama alikuuliza mara mbili," akasema. "Na miye nilikuuliza mara ngapi? Siku ulipanda kurudi kwa ng'ombe zako, nilikaa mbele yako mu nyumba ya dada yangu, nikakuuliza: Théogène, unataka twende pamoja ao tubakie? Ukasema tutaongea. Na neno 'twende' uliniambia wakati gani? Uko tayari juu ya pikipiki, injini inalia, mutoto amelala mu mugongo wangu. Sikulaumu. Njo vile walikulea. Lakini miye sikulelewa kule. Neno lenye unaniambia ku mulango, miye ninalisikia sawa kwaheri."

Akamugusa ku shavu, akaingia. Alifunga pole pole, bila kupiga mulango.

Tukashika njia ya kurudi. Nilikuwa nafikiri vile niliitika kwa kichwa kule nyuma. Nilikuwa na hasira, na sikujua ni ya nani. Ya Cindy? Ya mama wa miwani? Ya wazee wetu wenye walitufundisha adabu na wakasahau kutuambia kama kuko mahali njia ni fupi?

Udongo wa Habineza pale chemchemi uko vile vile, majani yameota. Maziwa ya mangaribi tunaimwaga, siku hizi bila kujificha.

Juma iliyopita, jua likiwa linashuka, nilikuwa nachuma maharagi karibu na uzio, nikasikia sauti mu nyumba ya Théogène. Nikafurahi. Nikasema, leo jirani yangu iko na mugeni. Nikapangusa mikono, nikapanda niende kumusalimia.

Mulango ulikuwa wazi. Théogène alikuwa amekaa ku kiti, mikono ku magoti, mugongo wima sawa mwanafunzi mbele ya mwalimu. Mbele yake aliweka kiti kingine, na mu kile kiti hamukuwa muntu. Hakuwa na telefone. Huku chini rezo haifike.

"Cindy, nataka mukae na miye hapa," alisema. Akakatiza, akasafisha koo, akaanza tena, kwa nguvu kidogo. "Cindy, nataka mukae na miye hapa. Naogopa hii nyumba. Nakuomba, nikiwa nimekaa."

Sikupiga hodi. Nilirudi nyuma, nikikanyaga pole ili asijue kama kuko muntu. Alisema vizuri kabisa. Kama ni miye Cindy, ningerudi.